Namna Tonton Simoni alikufa mara mbili mu njia ya Opala

Papa Radjabu, na nyinyi wengine wote wenye kukaa ku benchi mbele ya atelye yangu ya baiskeli bila kuleta hata kinga moja ya kutengeneza: tangu nirudi munaniuliza swali ni lile lile. "Alfonsi, ulienda na mutu, umerudi na valizi ya nguo. Mutu iko wapi?" Na mimi, mwenye sikosi jibu, munaniona nakamata pompi na kupompa tairi yenye imekwisha kujaa. Juzi moja ilipasuka. Bon. Heri niandike. Nikieleza kwa mudomo mutacheka kabla sijafika Yanonge, na mukicheka nitaongeza uongo. Ninajijua.

Musitafute maandiko ya muzuri humu. Masomo niliacha mwaka ya ine, siku mwalimu alileta hesabu ya kugawanya. Nilimwambia nitarudi kesho, na bado ninaitafuta hiyo kesho.

Kutoka Mangobo mpaka ku libongo

Tonton Simoni munamujua. Kaka ya mama yangu, shemasi ya kanisa, yule mwenye anaimba nyuma ya wengine kwa mustari moja na hajali. Tumbo yake ilianza kuvimba, kisha miguu. Infirmier wa hospitali alimupima, akaninong'oneza pembeni: "Mupeleke nyumbani, akule kile anapenda." Nilirudi na uso ya furaha ya uongo, nikamuambia, "Tonton, infirmier anasema unaendelea muzuri."

Akaniangalia. "Alfonsi, ukisema uongo, sikio yako ya kushoto inacheza. Bon. Nipeleke Opala."

Opala, nyinyi wenyewe munajua iko wapi: unashuka Mto Mukubwa, kisha unapanda Lomami siku na siku. Na munakumbuka ile miezi ilikuwa namna gani. Dipanda yetu, ule uhuru, ilikuwa na miaka ine tu, na Kisangani yetu ilikuwa mu mikono ya vijana wa uasi. Mutu mwenye kravati alikuwa anauliwa juu ya kravati tu, walisema ni mutu ya Wazungu. Mimi nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikazika yangu, na Mungu anajua nilikuwa naivaa Noeli tu. Sasa Tonton anataka tupite bariere zote zenye wale vijana wanafungia njia, na mu valizi yake anaweka kostimi nyeusi ya kuzikiwa, na kravati juu.

Nikamuuliza juu ya nini Opala. Njo aliponiambia kitu chenye hata mama yangu hakujua.

Wakati ya Wazungu, Tonton alikuwa kapita ya mpunga ku Opala. Kazi yake ilikuwa kupima mashamba. Kila mwanaume alilazimishwa kulima kipimo, na mwenye hakufikisha, kapita aliandika jina yake na sababu, kisha karatasi ilienda ku poste ya Wazungu, na ku poste kulikuwa fimbo na jela. Kulikuwa mutu anaitwa Yafeti. Shamba yake ilipunguka hatua kumi. Yafeti alikuwa na homa, Tonton alimuona mwenyewe analala na homa. Lakini aliandika "uvivu". Yafeti alipigwa, akafungwa, akafia ku jela. Bibi yake, Mama Elena, yuko hai mpaka leo.

"Niliacha ile kazi," Tonton alisema. "Nikakuja huku, nikabatizwa, nikafanywa shemasi. Nilimuambia Mungu hii maneno mara nyingi. Yule mama sijamuambia hata mara moja."

"Mungu akisamehe haitoshi?"

"Inatosha kwa Mungu. Mama Elena naye aliniona na macho yake."

Nilijaribu kumukatalia. Nilisema, Tonton, ukisema neno "kapita" mbele ya hawa vijana, hautafika hata Yanonge. Akasema sawa, basi tuondoke mapema, na akaniahidisha nimurudishe kwetu Mangobo azikwe kando ya bibi yake.

Nilimuweka nyuma ya kinga, nikamusukuma mpaka libongo, pale pirogi, mitumbwi yetu, zinafungwa. Wote mulituona. Nyinyi mulisema, "Alfonsi anapeleka bibi-arusi." Tonton aliwapungia mukono. Kule tulingoja Bolaya, mwenye pirogi, Mulokele wa Yanonge, kabila ya watu ya mto, mutu mwenye mabega ya ngombe na maneno machache. Yeye naye alikuwa anangoja kwanga, ile mikate ya muhogo, ya bibi yake, na bibi yake alikuwa anangoja majani ya kufungia. Jua ilipanda mpaka kati ya mbingu. Nililalamika. Bolaya akasema, "Unamukimbiza mgonjwa kwenda wapi?"

Kushuka mpaka Yanonge

Kushuka mto si kazi, mto njo unafanya kazi. Hata hivyo Bolaya alinipa kafi, akaniangalia muda kidogo, akaichukua tena.

"Unakoroga mto kama supu," alisema. "Kaa. Toa maji yenye inaingia."

Basi cheo yangu mu ile safari ilikuwa kutoa maji na kopo. Tonton alikaa kati, juu ya kiti ya fimbo yenye tulikata miguu, mwavuli juu ya kichwa. Ungemuona, ungesema ni gavana anapita kutembelea samaki. Alisalimia kila pirogi. Watu walimuuliza anaenda wapi, na yeye aliwajibu: "Opala, kuomba pardon, kisha kufa." Sawa vile mutu mwingine anasema, naenda soko, kisha nyumbani. Wengine walicheka. Mama moja mwenye kuuza ndizi alitufuata na pirogi yake, akatupa kishada bure, akageuka, akaenda zake.

Yanonge tulifika siku ya pili. Dada ya Bolaya alitupikia liboke ya samaki, ile ya kufunga mu majani na pilipili na kuweka ku makaa. Mimi nilikula yangu, kisha nikakula ya Tonton, juu tumbo yake ilikataa, na yeye aliniangalia kwa furaha kubwa. "Kula, kula. Nasikia utamu yake ku macho yako." Nilikula mpaka nikasikia haya. Kisha haya ikapita.

Wakati Tonton alilala ya mchana, wavuvi walileta habari. Pale Lomami inaingia mu Mto Mukubwa kulikuwa bariere mubaya. Walikuwa wanafungua kila muzigo na kuuliza kila mutu alifanya kazi gani wakati ya Wazungu. Nilijua Tonton. Watamuuliza, na yeye atajibu.

Halafu muvuvi moja akasema kitu ingine. Ile dawa ya wale vijana, yenye walinyunyiziwa ili risasi igeuke maji, iko na makatazo mengi. Moja ya makatazo: kugusa maiti. Maiti ikipita, wanageuza uso na kuiacha.

Munanijua. Akili yangu kwa hesabu ya kugawanya ni ndogo, lakini kwa hii maneno iko mbio sana.

Nyuma ya nyumba ya dada ya Bolaya kulikaa Papa Lisoi, mupiga gongo. Gongo ya kule ni gogo kubwa ya kuchimba ndani, iko na sauti mbili, ya mume na ya bibi, na inaongea kabisa. Ikipiga Yanonge, kijiji ingine inasikia na kurudia, na ingine, mpaka jioni Opala wanajua umekula nini. Nilimuendea na sura ya matanga.

"Papa, tuko na kifo. Simoni, shemasi ya Kisangani, kapita wa zamani wa Opala. Tunamupeleka kule kuzikwa."

"Ile muzee ya mwavuli? Asubuhi alinisalimia."

"Ilikuja ghafla."

Papa Lisoi hakugusa fimbo zake. Gongo haipigwi kwa muchezo. "Wewe ni nani kwake?"

"Mwana wa dada yake."

"Mwana wa dada hawezi kudanganya kifo ya tonton," alisema yeye mwenyewe, kujitia nguvu, na akakamata fimbo zake mbili. Sikio yangu ya kushoto ilikuwa inacheza kama mukia ya mbuzi.

Alipiga muda mingi. Nilisikia mbali, ngambo ya maji, gongo ingine inajibu. Tonton aliamka. Yeye hasikii maneno ya gongo ya Balokele, akasema, "Ngoma ya muzuri. Kuko ndoa?" Bolaya alikuwa analala mu kivuli, akafungua jicho moja, kisha ya pili. Akanifuata mpaka ku maji.

"Umemuua tonton yako," alisema polepole.

"Kidogo tu. Mpaka tupite bariere."

"Gongo hairudishi mutu, Alfonsi."

Mudomo ya Lomami

Siku yenye tulifika bariere, jua ilikuwa kali. Nilimuambia Tonton alale chini mu pirogi, nimufunike na mukeka mpaka kichwa, asichomwe. Ile haikuwa uongo kamili. Alilala kweli, alikuwa amechoka. Nikaweka valizi ku miguu yake na nikaanza kulia. Niligundua niko na kipaji kubwa ya kulia.

Vijana walikuwa kumi hivi, majani ku kichwa, ngozi ya chui ku mikono. Komanda wao hakupita miaka makumi mbili. Alikuwa na bunduki ya kweli, wengine mikuki.

"Nani humo?"

"Maiti, komanda. Gongo ilitangaza."

"Tulisikia." Akarudi nyuma hatua mbili, na wote wakarudi naye. "Mupite upande ule, mbali. Musi—"

Chini ya mukeka mutu akakohoa.

Nililia kwa nguvu zaidi, ili kufunika. Mukeka ikasonga. Tonton akakaa, akajipangusa uso, akaona watu.

"Mbote, wana. Tumefika wapi?"

Kijana moja alianguka mu maji mpaka kiuno. Komanda hakuanguka, lakini bunduki yake ilikuwa inaangalia juu, chini, na kwangu.

"Maiti iko naongea?"

"Iko..." nilisema. "Iko maiti ya karibu-karibu."

Tonton akanigeukia. Sijasahau ule uso. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mutu mwenye amepoteza kitu na bado anatafuta mu mifuko. "Alfonsi, uliwaambia nini?" Halafu hakungoja jibu. Akamuambia komanda, "Mwana, huyu ananipenda, njo anasema uongo. Mimi ni Simoni, shemasi. Zamani nilikuwa kapita ya mpunga ku Opala."

Bolaya alifunga macho. Mimi kulia kulikwisha kabisa, hata machozi ya kweli ilikataa kutoka.

"Kapita," komanda alisema. "Unajua tunafanya makapita namna gani?"

"Nimesikia. Na kama ni kuuliwa, siwezi kukukatalia, haki unayo. Lakini naomba uniache kwanza nifike Opala. Kule kuko mama moja mwenye haki yake iko mbele ya yako."

Komanda akakuja karibu, akaangalia ile tumbo, ile miguu. "Na kisha utarudi hapa?"

"Hapana. Sitarudi."

Maji ilikuwa inapiga pirogi, pa, pa. Kisha komanda akasema, kama anajisemea, "Baba yangu alikuwa anakimbilia mu pori siku kapita anapita. Mimi nilikuwa nambebea maji."

"Kijiji gani?"

Akataja kijiji.

"Ilikuwa upande yangu," Tonton akasema. "Basi aliyemukimbiza ni mimi. Pardon, mwana. Na umuambie baba."

"Baba alikufa."

"Basi nitamuambia mimi."

Aliisema sawa tu, sawa nyinyi munasema mutapita kwa fulani mukitoka soko. Nafikiri mu kazi ya komanda walimufundisha kujibu watu wenye kulia na wenye kubisha, na Tonton hakufanya hata moja. Komanda akafungua valizi, akavaa koti ya kostimi pale pale mu ile joto. Ilimufika ku magoti. Kravati aliigusa na ncha ya bunduki.

"Hii hapana, itaniletea kifo. Mupite. Gongo imekwisha kumuzika huyu, mimi sina kazi naye."

Kupanda Lomami

Nilifikiri tukipita bariere, uongo yangu imekwisha kazi. Lakini gongo ilitutangulia. Kijiji ya kwanza, tukaona wanawake ku kando ya maji, vichwa wazi, wanalia. Wazee wametandika majani. Walitupokea vizuri, wakanipa mimi pole, na mwenye aliwashukuru ni Tonton. Mama moja alimuuliza, "Na wewe papa, maiti alikuwa nani yako?"

"Alikuwa mimi," Tonton akasema.

Ilikuwa vile kila kijiji. Tulikula pondu ya matanga, yale majani ya muhogo, na lituma ya matanga, ile ndizi ya kupondwa, hata kuku. Watu walisimulia mazuri ya marehemu mbele yake. "Alikuwa kapita mukali, lakini amekufa, hatumuchukii tena." Mimi nilifikiri Tonton atafurahi. Siku ya tatu mu Lomami, alikataa kushuka mu pirogi.

"Unaona kile ulifanya?" alisema. "Kumusamehe maiti ni rahisi. Maiti hana uso. Nilitaka wanione, wakasirike, wanitemee mate kama ni lazima, kisha wachague. Sasa Mama Elena amekwisha kusikia nimekufa. Amekwisha kumaliza na mimi bila mimi."

"Tonton, nilitaka uishi."

"Mpaka lini, Alfonsi?"

Nilitoa maji na kopo, hata pale maji haikuwa. Bolaya alipiga kafi kama mutu hasikii, na alisikia yote. Lomami ile pande ni nyembamba, miti inainama pande zote mbili, na maji ni nyeusi kama chai.

Baadaye nilimuuliza kile nilikuwa nataka kuuliza tangu Mangobo. "Hauogopi?"

"Kufa? Kufa ni kulala, nimelala mara mingi." Akacheka kidogo, tumbo ikamuuma, akangoja ipite. "Naogopa kuamka. Bwana ataita, nitaamka, naamini vile, sina mashaka hata kidogo. Lakini Yafeti ataamka pia. Kila watu wanaimba juu ya kuonana kule. Mimi nikiimba, naona ni nani atakuwa ananingojea."

Njo nikajua juu ya nini aliimba nyuma ya wengine kila siku.

"Na wewe," akasema, "unaogopa nini, mwenye uko na afya ya ngombe?"

"Naogopa ukufe na sikio yangu iko nacheza."

Akaweka mukono ku kichwa yangu na kuuacha pale mpaka kona ingine ya mto.

Opala

Mama Elena tulimukuta anachagua ngazi, zile mbegu za mafuta, mbele ya nyumba. Mwanamuke murefu, mukavu, mikono myekundu ya mafuta. Aliona watu wawili wanamubeba mutu ku kiti. Hakusimama.

"Gongo ilisema umekufa," alisema.

"Ni mwana wa dada yangu alidanganya," Tonton akajibu. "Mimi niko naenda, lakini bado."

Mama Elena akaniangalia. Nilitamani kuwa moja ya zile ngazi.

"Kabla hujasema," akamuambia Tonton, "mimi nitasema. Siku gongo ililia, nilitupa kikapu na nikacheza. Hapa, hapo unakaa. Peke yangu. Majirani waliniona. Nilicheza mpaka kitambaa ya kichwa ilianguka. Kisha nikakaa nikangoja furaha ikae nami. Haikukaa. Nikasikia haya mbele ya Yafeti, sijui juu ya nini. Nikaomba: Bwana, kama yule mutu iko hai, umulete, nimuombe pardon ya ile ngoma." Akapangusa mikono. "Sikufikiri atasikia mbio hivi. Sasa sema yako."

Tonton aliomba tumuweke chini, ku udongo. Akasema yote, bila kukohoa hata mara moja. Hatua kumi. Karatasi. Neno "uvivu".

"Nilijua iko na homa," alisema. "Nilimuona. Hakuna Muzungu alinilazimisha ile neno. Nilitaka karatasi yangu iende mbio."

"Sema tena hiyo ya homa."

"Nilijua, mama."

Mama Elena akaweka ngazi chini. "Miaka yote niliambia watoto wangu, kapita hakujua. Niliwaambia ili wasikue na moyo ya kuua. Sasa unaninyanganya hata hiyo."

Akasimama, akaingia mu nyumba, akafunga mulango.

Tulilala kwa mwalimu wa kanisa. Siku ya kwanza Mama Elena hakutoka. Siku ya pili alipita mbele yetu akienda shamba, hakugeuka. Tonton alikuwa anapunguka kama sabuni mu maji. Nilitaka kwenda kumupigia mama magoti, na Tonton akanikataza. "Usimusukume. Hii moja haina njia ya mukato." Siku zile sikufanya muchezo hata moja, na Bolaya aliniuliza kama mimi pia ninaumwa.

Siku ya tatu, asubuhi, Mama Elena alikuja na sahani moja, lituma ya moto na samaki. Akakaa chini.

"Mpunga haiingii mu nyumba yangu," akasema. "Tangu ile siku sijapika wala kupanda. Kula ndizi."

Tonton alichukua kipande kama ukucha ya kidole. Alikuwa hajameza kitu tangu Lomami. Akameza. Mama Elena akakata pale pale pa Tonton alikata, akakula. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba kule, sahani moja ni maneno mingi kuliko mudomo.

"Unataka kuzikwa wapi?" mama akauliza.

"Mangobo, kando ya bibi yangu. Alfonsi aliahidi."

"Hapana. Bibi yako haukumukosea, atakungoja. Utazikwa hapa, kando ya Yafeti. Siku Bwana ataita, mutaamka pamoja, na uso ya kwanza utaona ni yake. Utamuambia kama uliniambia mimi, na ile ya homa usiiruke. Mimi siwezi kukusamehe na mudomo yake. Na yangu, nimekusamehe."

Machozi ya Tonton ilienda mu masikio yake, juu alikuwa analala mugongo.

"Na ngoma yangu?" Mama Elena akasema.

"Ilikuwa muzuri, ile ngoma?"

"Mubaya. Magoti yangu ilinisumbua mpaka juzi."

"Basi nimekusamehe na magoti."

Walicheka, wazee wawili, kicheko ya kukosa hewa. Mimi munanijua, nilitoka inje.

Alikufa siku mbili baadaye, kati ya muchana, wakati Mama Elena alikuwa anamusimulia namna Yafeti alikuwa anaimba. Yafeti pia aliimba mubaya, inaonekana. Tonton alisema, "Basi tutakuwa wawili," akageuza kichwa. Tulingoja aseme ingine.

Tulimuzika na suruali ya kostimi na shati yangu. Koti haikuwa. Bolaya, ambaye mu safari nzima sikumusikia anafanya muchezo, alisema, "Komanda atamurudishia kule." Kwa kaburi kila watu waliimba, na mimi nikaimba nyuma yao kwa mustari moja. Mutu alipaswa kufanya ile kazi.

Kurudi

Kabla ya kufa Tonton aliniachia kazi moja. "Ulivyopita na uongo, urudi na kweli. Kijiji kwa kijiji. Usitume gongo, tumia mudomo."

Nyinyi munajua namna mutu anashuka Lomami mbio? Mimi sikushuka mbio. Kila kijiji nilisimama: "Mimi ni Alfonsi. Mulilia bure, mukanipikia kuku bure. Siku ile hakukuwa maiti. Sasa amekufa kweli, na alikufa muzuri." Wengine walinitukana, wengine walinipa kuku ingine. Kijiji moja walinikalisha, wakalia upya mbele yangu, polepole, ili nione kazi yenye niliwapa. Ku bariere kulikuwa vijana wengine. Yule wa koti hakukuwa, na sikuuliza.

Yanonge nilimuendea Papa Lisoi, magoti chini. Nilimuomba atangaze kifo ya kweli.

"Gongo yangu haimuziki mutu mara mbili," akasema. "Lakini iko na kazi ingine." Kule kila mutu mwenye maana iko na jina ya gongo, murefu, ya kupigwa. Mimi sikuwa nayo. Akakamata fimbo, akapiga. Bolaya alicheka mpaka akajishika ku mulango, kisha akanitafsiria: Mwana wa dada mwenye anazika watu wakiwa bado wanakula. Njo jina yangu. Kutoka Yanonge mpaka Opala wananijua nayo, na nikipita kule inanitangulia.

Mu valizi kulikuwa kravati tu. Sikuizika pamoja na yangu. Iko ku musumari mu atelye, munaiona kila siku na munaniuliza naenda ndoa ya nani.

Sasa kijiji ya mwisho ni nyinyi. Tonton amekufa, analala Opala, na sikio yangu imetulia, muangalie wenyewe. Isipokuwa kitu moja. Papa Radjabu, ile chaîne, munyororo ya kinga yako, yenye nilikuambia ni mupya kabisa, imetoka Ulaya: nilitoa ku kinga ya zamani ya Tonton, nikaifuta na mafuta. Lete kinga. Nitakubadilishia.